Barua ya malalamiko: ubora na usalama wa huduma ya uuguzi anayopewa mama yetu nyumbani

Tabata,
Dar es Salaam.
10 Machi 2025

Meneja wa Huduma,
Kampuni ya Uuguzi wa Nyumbani,
Dar es Salaam.

YAH: KIDONDA CHA KULALIA, KUMBUKUMBU ZISIZO ZA KWELI NA UKAGUZI USIOMFIKIA MGONJWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni binti wa mgonjwa wenu wa Tabata, mama wa miaka 71 aliyepata kiharusi mwaka jana. Upande wake wa kushoto hauna nguvu, ana sukari na presha, na anatumia mpira wa mkojo. Aliporuhusiwa kutoka hospitali, daktari alituambia kwamba hatari kubwa iliyobaki ni vidonda vya kulala, kupaliwa chakula na maambukizi ya mkojo, na kwamba yote matatu yanazuilika akipata mtu anayejua kazi. Ndiyo sababu hatukutafuta msaidizi wa kawaida wa nyumbani, tukaja kwenu. Mkataba wenu unasema tutapewa "muuguzi mwenye sifa, saa 24, chini ya usimamizi wa karibu", na malipo ya kila mwezi tumeyatoa bila kuchelewa.

Jumamosi iliyopita nilimsaidia mhudumu wenu kumwogesha mama. Tulipomlaza ubavu niliona kidonda juu ya mfupa wa chini ya kiuno. Nilikipima kwa rula: sentimita 4 kwa 3. Ngozi ya juu imetoka, chini ni nyama mbichi, na pembeni kuna wekundu ambao nikiubonyeza kwa kidole haupauki. Kisigino cha kushoto nacho kimeanza kuwa cheusi. Nilipouliza, mhudumu alisema wekundu aliuona zaidi ya wiki moja nyuma, akawa anapaka mafuta na kusugua ili damu itembee. Alifanya hivyo kwa nia njema kabisa. Lakini ngozi iliyoanza kuumia juu ya mfupa haisuguliwi, kwa sababu kusugua kunaichana zaidi. Kinachotakiwa ni kuondoa uzito mahali hapo siku hiyohiyo, kumlaza kwa kumwegemeza ubavu kwenye mito, kunyanyua visigino visiguse godoro, na kumwita muuguzi. Wekundu usiopauka ni onyo la kwanza ambalo mwili hutoa, na mama alikaa na onyo hilo siku zote hizo ndani ya huduma mnayoiita ya kitaalamu.

Baada ya hapo nilifungua daftari lenu la kumbukumbu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Kwenye safu ya kumgeuza mgonjwa, tiki za siku hiyo zilikuwa zimeshawekwa mpaka saa kumi jioni. Kwenye safu ya presha, asubuhi zote za wiki mbili zimeandikwa 130/80. Nikaomba mashine ya presha tumpime pale pale: haikuwa na betri. Tuliponunua betri ikasoma 168/96. Naomba msome tena sentensi hizo, kwa sababu daktari wake amekuwa akiamua dozi ya dawa kwa kuangalia namba za daftari hilo. Kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi, presha iliyopanda bila mtu kujua ni sababu kubwa ya kiharusi cha pili.

Sitaki barua hii igeuke kuwa adhabu kwa yule binti, mhudumu wenu. Yeye ni mpole, anampenda mama, na mama akimwona anatabasamu. Mliyemleta ni mtu mmoja, analala kwenye godoro sakafuni kando ya kitanda, anapika chakula cha mgonjwa, anafua mashuka, anabadilisha pampasi, anatoa dawa. Kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili ni mara 12 kwa siku, na zaidi ya mara nne kati ya hizo ni usiku. Mama ana kilo 78. Hakuna binadamu anayeweza kazi hiyo peke yake usiku na mchana, wiki baada ya wiki, asisinzie wala kuandika tiki za uongo kwa kuogopa kufukuzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 kwa wiki kuwa kikomo cha kazi ya kawaida, na hata kukiwa na saa za ziada mfanyakazi hatakiwi kuzidisha saa 12 kwa siku. Ninyi mmetuuzia saa 24 na kuzibebesha mwili mmoja. Kidonda cha mama kilianzia kwenye ratiba yenu ya zamu.

Kuna suala la sifa pia. Binti huyo ndiye anayemchoma mama insulini. Niliomba kwa simu namba ya leseni yake kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, nikajibiwa kwamba "ana uzoefu mkubwa". Niliomba tena kwa ujumbe wa maandishi, sikujibiwa. Yeye mwenyewe aliniambia bila kuficha kwamba alisoma kozi fupi ya kulea wazee. Kozi hiyo ni kitu kizuri, na wahudumu wa aina yake wanahitajika sana katika nyumba zetu, ila haimfanyi muuguzi, na mkataba wenu umeandika muuguzi. Matokeo yake niliyaona jikoni: kichupa cha insulini kimewekwa dirishani penye jua, katika joto hili la Machi la Dar es Salaam, wakati insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8 na iliyofunguliwa hukaa mahali pa baridi mbali na jua. Sindano zilizotumika zilikuwa kwenye pakiti tupu ya maziwa ndani ya ndoo ya taka, na wajukuu wanapita hapo. Hamkuwahi kutuletea boksi la kutupia sindano.

Sasa nifike kwenye jambo lililonisukuma kuandika badala ya kupiga simu. Mnasema mna ukaguzi wa ubora kila mwezi, na kweli msimamizi wenu alikuja. Alikaa sebuleni, akanywa maji, akafungua fomu. Mhudumu anafika kwa wakati? Ana lugha nzuri? Ni msafi? Familia inaridhika? Tulijibu ndiyo kwa kila swali, na majibu yetu yalikuwa ya kweli. Akaomba saini, akaondoka. Chumbani kwa mama hakuingia. Siku hiyo, kwa maelezo ya mhudumu mwenyewe, wekundu ulikuwa umeshaanza.

Huduma ya mgonjwa asiyeweza kujigeuza haipimwi sebuleni. Msimamizi anayejua kazi angenawa mikono, avae glavu, amlaze mama ubavu na kutazama kiuno, nyonga na visigino. Angeangalia mfuko wa mkojo kama umening'inia chini ya usawa wa kibofu au umelazwa kitandani mkojo ukarudi ndani, na rangi ya mkojo ikoje. Angesubiri muda wa chakula aone kama mama anakalishwa wima kabla ya kijiko cha kwanza, na kama anaachwa wima walau nusu saa baada ya cha mwisho, maana uji unaoingia njia ya hewa huishia kuwa nimonia. Angehesabu vidonge vilivyobaki na kulinganisha na karatasi ya daktari. Angepima presha kwa mashine yake mwenyewe, kisha afungue daftari. Dakika tano za kazi hiyo zingefichua kila kitu nilichoeleza hapa.

Hata vipimo vya kitaalamu vipo na havina gharama. Kipimo cha Braden, ambacho wauguzi wa nchi nyingi wanakitumia, kinaangalia mambo sita: uwezo wa kuhisi maumivu, unyevu wa ngozi, kutembea, kujigeuza, lishe na msuguano wa ngozi na shuka. Alama zake ni kati ya 6 na 23, na kadiri zinavyopungua ndivyo hatari ya kidonda inavyopanda. Ni karatasi moja na kalamu. Katika mafaili yenu ya mama hakuna tathmini ya aina hiyo hata siku ya kwanza mlipompokea, na bila hiyo sielewi mlipangaje huduma yake.

Jambo jingine linaniumiza kama mtoto. Picha ya mama akiwa kitandani imewekwa kwenye kurasa zenu za mtandaoni kama tangazo la huduma bora. Hatukuombwa ruhusa, na yeye hawezi kuitoa kwa hali yake. Taarifa za afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Iondoeni leo.

Tunachodai ni hiki. Mleteni muuguzi mwenye leseni, tuione namba yake, aje amtathmini mama mwili mzima mbele yetu na kuandika mpango wa huduma unaoeleweka. Wekeni zamu mbili, ya mchana na ya usiku, kwa watu wawili tofauti, bila kumfukuza wala kumkata mshahara binti aliyepo, ambaye tungependa abaki zamu ya mchana baada ya kufundishwa. Insulini ichomwe na mwenye leseni, au na mtu aliyefundishwa na kusimamiwa naye kwa maandishi. Tupeni maelezo ya maandishi ya lini wekundu uliripotiwa kwenu, kwa nani, na nini kilifanyika. Gharama za kusafisha kidonda, ambacho sasa kinahudumiwa na muuguzi tuliyemtafuta wenyewe, mzilipe ninyi. Risiti nimeziambatisha pamoja na picha za kidonda na nakala za kurasa za daftari. Daftari lenyewe ninalo mimi na sitalirudisha mpaka suala hili liishe.

Vilevile nawaomba muwatembelee wagonjwa wenu wengine wasiojigeuza ndani ya wiki hii na kuwaangalia migongo. Sina sababu ya kuamini kwamba mama ni wa peke yake, na wengine huenda hawana ndugu wa kuwafungulia shuka.

Nasubiri majibu ya maandishi kabla ya tarehe 24 Machi 2025. Nisipoyapata, nitawasilisha malalamiko rasmi Baraza la Uuguzi na Ukunga kuhusu matumizi ya jina la muuguzi, na Tume ya Ushindani kuhusu huduma iliyouzwa tofauti na ilivyotangazwa.

Wako,

Binti wa mgonjwa, kwa niaba ya familia

Viambatisho: picha za kidonda, nakala za kurasa za daftari, nakala ya mkataba, risiti.