Ugumu wa nyaya hizi si baridi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nichangie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu nyaya zinazopitisha umeme bila ukinzani. Wanafunzi wangu wa fizikia hapa Mbeya waliisoma na kuijadili kwa hamu, jambo lililonifurahisha sana, lakini walibaki wakiamini kwamba kikwazo ni baridi tu, na kwamba superkondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani, ikishapozwa hubeba mkondo wowote utakaopitishwa. Sivyo ilivyo, na jambo lililoachwa ndilo lililowahangaisha wataalamu kwa miaka mingi.

Ni kweli kwamba baridi ilikuwa kikwazo kikubwa tangu mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes alipogundua kuwa zebaki iliyopozwa hadi karibu nyuzijoto 269 chini ya sifuri hupoteza ukinzani wake wote. Kikwazo hicho kilipungua baada ya Georg Bednorz na Alex Müller kugundua mwaka 1986 kwamba kauri fulani zenye shaba na oksijeni hufanya hivyo kwenye baridi isiyo kali kiasi hicho. Mwaka uliofuata ilipatikana kauri ya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, ambayo hupoteza ukinzani kwenye nyuzijoto 181 hivi chini ya sifuri. Naitrojeni kimiminika, ileile ambayo wataalamu wa uhimilishaji huhifadhia mbegu za ng'ombe katika maeneo ya ufugaji kama Rungwe, huchemka kwenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri, kwa hiyo inatosha kabisa kuipoza kauri hiyo.

Hapo ndipo tatizo la pili lilipojitokeza. Kauri hii ikichomwa tanuruni kwa njia ya kawaida, huwa mkusanyiko wa punje za fuwele zinazoelekea kila upande. Ndani ya punje moja mkondo hupita vizuri katika matabaka ya shaba na oksijeni, lakini ukifika kwenye mpaka wa punje mbili zisizolingana mwelekeo hudhoofika mno. Elektroni katika superkondakta husafiri kwa jozi, na upana wa jozi hizo ndani ya kauri hii ni nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) moja au mbili tu, kwa hiyo hata vurugu ndogo ya atomi mpakani inatosha kuzivuruga.

Mwaka 1988 watafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM nchini Marekani, wakiwemo Dimos, Chaudhari na Mannhart, walilithibitisha hilo kwa jaribio ambalo mimi huliona kuwa la mfano kwa jinsi lilivyo wazi. Walikuza utando wa kauri hiyo juu ya msingi wa fuwele mbili zilizounganishwa kwa pembe waliyoichagua wenyewe, kisha wakapima mkondo unaovuka kiungo. Pembe ikiwa ya digrii chache tu, mkondo haukuathirika sana. Ilipozidi digrii 10 hivi, ulikuwa umekwisha kushuka vibaya. Vipimo vilivyofuata vimeonyesha kwamba kila nyongeza ya takriban digrii 10 hupunguza mkondo karibu mara kumi.

Tuchukue mfano wa waya uliotengenezwa kama utepe wa upana wa milimita 4 wenye utando wa kauri wa unene wa mikromita 1. Punje zikiwa zimepangwa vizuri, utando hubeba zaidi ya ampea milioni 2 kwa kila sentimita ya mraba ndani ya naitrojeni, yaani ampea 80 na zaidi kwa utepe mzima, wakati birika la umeme la wati 2,000 hutumia ampea 9 hivi. Punje zikielekea ovyo, tukikadiria ampea 1,000 kwa sentimita ya mraba, utepe huohuo, katika baridi ileile, utabeba ampea 0.04.

Ndiyo maana kazi kubwa imefanyika kwenye msingi unaobeba utando. Njia moja, iliyoendelezwa katika maabara ya Oak Ridge nchini Marekani, ni kukandamiza bamba la aloi ya nikeli kati ya rola mara nyingi, kisha kulipasha moto hadi punje zake zenyewe zijipange, na kauri ikikua juu yake ifuate mpangilio huo. Njia nyingine, iliyoanzia Japani, ni kutandaza oksidi huku miale ya ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) ikiipiga kwa mshazari, ili punje zenye mwelekeo unaotakiwa ndizo zitawale. Tabaka la namna hiyo la oksidi ya magnesi huhitaji unene wa nanomita 10 tu, lakini mpangilio wake lazima udumu kwa mamia ya mita za utepe.

Niongeze pia, kwa kuwa wanafunzi huniuliza, kwamba metali ya niobi iliyomo katika Mlima Panda karibu nasi haihusiki na kauri hizi. Aloi zake hutumika katika superkondakta za baridi kali zaidi, ambako jozi za elektroni ni pana na mipaka ya punje haizisumbui hivyo.

Namwomba mwandishi wenu, atakaporudi kwenye mada hii, aeleze ugumu na gharama ya kuzipanga punje, maana bila hilo msomaji wa Iringa anayeona nyaya za msongo mkubwa zikipita juu ya shamba lake atadhani kwamba kinachokosekana ni mitungi ya kupozea tu.

Mwalimu wa fizikia,
Mbeya