Kupakia baiskeli za kuegemea: safari ya Hell's Gate, Jumamosi

Ndugu wanakikundi, habari za jioni.

Tutaondoka Nairobi kuelekea Naivasha Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, kutoka kituo cha mafuta tulichozoea. Baiskeli zitapakiwa hapo hapo Ijumaa saa kumi na moja jioni, ili tusihangaike gizani.

1. Baiskeli za kawaida zitakaa kwenye keria ya nyuma ya gari dogo. Zile mbili za kuegemea, ambazo mwendeshaji huketi ameegemea nyuma huku pedali zikiwa mbele yake, hazifai hapo, kwa kuwa ni ndefu kupita upana wa gari na hazina bomba la juu la kuning'inizia; zitawekwa kwenye pikapu, juu ya godoro kuukuu.

2. Wenye baiskeli hizo wafungue kiti na gurudumu la mbele, kisha walirudishe ndani bomba linalobeba pedali baada ya kulitia alama ya kalamu, kwani bila alama hiyo watabahatisha urefu wa miguu yao huko porini. Mnyororo wake, ambao ni mrefu mara mbili au zaidi ya ule wa kawaida, utalegea. Ufungwe kwenye fremu kwa kitambaa, la sivyo utapaka grisi kila kitu. Upande wa gia utazame juu.

3. Mchango wa mafuta ni shilingi 1,500, kwa mweka hazina. Kiingilio cha hifadhi kila mtu atajilipia.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, mkitaja aina ya baiskeli na kama mna mikanda ya kufungia. Kamba za mpira mziache nyumbani. Huwa zinalegea njiani.