Mdogo wangu, iandikie shule barua

Mdogo wangu mpendwa,

Mwalimu amekupigia tena: mtoto hatulii kitini, kazi anaianza hamalizi. Daktari ameshasema ni ADHD, ile hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kumakinika. Nawe ukajibu kama tulivyolelewa kumjibu mwalimu, "Sawa, nitaongea naye." Heshima hiyo naipenda, lakini mwanao ameshaongeleshwa vya kutosha.

Huko Marekani sheria iko upande wake. Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 (Rehabilitation Act) kinazikataza shule zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtoto mwenye ulemavu, na ADHD inayomzuia kusoma au kumakinika imo. Anaweza kuandikiwa mpango: akae mbele, aongezewe muda wa mtihani, apewe maelekezo moja moja, aruhusiwe kunyanyuka kidogo. Akihitaji ufundishaji maalumu, sheria ya IDEA, ile ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inampa mpango mwingine, IEP, yaani mpango wa elimu ulioandikwa kwa ajili yake mwenyewe. Wakikwambia alama zake ni nzuri, usirudi nyuma. Alama nzuri peke yake si sababu ya kumnyima.

Ninachokuomba ni barua. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ombi la mdomo mlangoni mwa darasa hupotea vivyo hivyo. Andika: "Naomba mwanangu afanyiwe tathmini ya IEP na ya Kifungu cha 504." Weka tarehe, saini, ubaki na nakala. Wakikubali watakuletea fomu ya ridhaa. Ukishaisaini, IDEA inawapa siku 60 kumaliza tathmini, au muda uliowekwa na jimbo lenu. Wakikataa, lazima wakuandikie sababu, na karatasi hiyo ndiyo utakayokatia rufaa.

Kiingereza kisikutishe. Dai mkalimani wa Kiswahili. Ni wajibu wa shule, wala hulipi. Tafadhali usimkalishe binti yako atafsiri. Kumbebesha mtoto habari za kaka yake mbele ya watu wazima ni kumwonea.

Dawa ni shauri lenu na daktari. Tangu mabadiliko ya IDEA ya 2004, watumishi wa shule hawaruhusiwi kumwekea mtoto sharti la kuandikiwa dawa zinazodhibitiwa kisheria, kama zilivyo nyingi za ADHD, ndipo aingie darasani. Akitamka hivyo mtu, mwombe akuandikie.

Nitumie rasimu leo usiku. Tutaisoma pamoja na shemeji kwenye simu, kesho uipeleke.

Dada yako