Printa ikisema tona imeisha, imejuaje?

Mwezi uliopita mama mmoja, katibu muhtasi wa shule ya sekondari, alishuka kwenye bodaboda mbele ya karakana yetu hapa Kaloleni, Arusha, na mfuko mbadala mkononi. Ndani mlikuwa na katriji tatu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nijazie zote tatu haraka, keshokutwa tunachapa mitihani ya utamilifu na mashine imegoma."

Kabla ya kujaza chochote, sisi hupima. Mizani yetu ni ile ya dijitali ya kupimia unga wa keki, na pembeni yake kuna daftari lenye uzito wa kila aina ya katriji tunayoipokea, ikiwa mpya na ikiwa tupu. Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili tupu. Ya tatu ilikuwa na uzito karibu sawa na mpya. Mama akainama akaisoma mizani mwenyewe. "Mbona mashine imeandika nibadilishe katriji?" Nikamuuliza hiyo ya tatu ilitoka wapi. Akafikiri, akakumbuka: muhula uliopita kijana mmoja alipita ofisini kwao, akaijaza, ikawekwa kabatini. Juzi ndiyo ikapachikwa kwa mara ya kwanza, na mashine ikaikataa palepale.

Kijana aliijaza vizuri tu. Alichosahau ni chipu, kile kipande kidogo cha kumbukumbu kilichobandikwa kwenye katriji. Tukabadilisha chipu, kazi ya dakika kumi, na katriji ikafanya kazi. Lakini swali la mama lilikuwa zuri, na kwa kuwa wateja wengi huuliza hilohilo, nimeona niliandikie.

Tona si wino wa maji. Ni unga wa plastiki uliosagwa laini sana, chembe moja ikiwa na upana wa mikroni chache tu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ukachanganywa na rangi nyeusi. Wazo la kuchapa kwa unga mkavu ni la Chester Carlson, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi za hataza (haki za uvumbuzi) na kuchoshwa na kunakili nyaraka kwa mkono. Tarehe 22 Oktoba 1938, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walisugua kwa kitambaa bamba la zinki lililopakwa salfa mpaka likashika umeme tuli, wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyiza unga wa mmea uitwao lycopodium. Unga ukanata pale tu palipobaki na umeme. Maandishi yalisomeka "10-22-38 Astoria", yaani tarehe ya siku ile na mtaa wao huko New York. Miongo mitatu baadaye mhandisi Gary Starkweather wa Xerox akaleta leza ya kuchora ukurasa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, na mwaka 1977 kampuni hiyo ikatoa mashine ya Xerox 9700. Hiyo iliyoko mezani kwako ni mjukuu wa kazi hiyo.

Sasa fikiria shida ya mhandisi anayetakiwa kusema unga umebaki kiasi gani. Umo ndani ya boksi jeusi lililofungwa, unasukwasukwa, unalala upande mmoja, na ukifungua boksi umeharibu. Wahandisi walipata njia kadhaa, na tabia ya printa yako inategemea ni ipi kati ya hizo iliyowekwa ndani yake.

Njia iliyoenea kuliko zote si kupima, ni kuhesabu. Leza huchora ukurasa kwa vitone, na printa inajua imewasha leza mara ngapi. Inazidisha vitone hivyo kwa makadirio ya tona inayotumika kwa kila kimoja, inatoa kwenye kiasi cha awali, kisha inaandika jibu kwenye chipu ya katriji. Ni sawa na mwenye duka ambaye hafungui gunia la mchele kutazama. Anasoma daftari la mauzo na kusema zimebaki kilo nane. Ukimmwagia mchele mpya gunia likajaa bila kuandika kwenye daftari, atawaambia wateja mchele umeisha. Hayo ndiyo yaliyoikuta katriji ya mama. Chipu ilikumbuka sifuri.

Kwenye mashine nyingi za aina hii ujumbe wa kwanza ni onyo tu. Kwenye printa nyingi za HP, kwa mfano, ndani ya menyu kuna sehemu ya kuchagua mashine ifanye nini katriji ikiwa imekaribia kuisha kabisa: isimame, iulize, au iendelee. Nimekuta ofisi ambako mashine imewekwa kusimama, na kila onyo likija katriji inatupwa ikiwa bado ina unga wa kutosha barua za wiki nzima. Fundi mwaminifu akikutana na hilo, kazi yake ya kwanza ni kukubadilishia mpangilio huo, hata kama siku hiyo hatauza kitu.

Zipo mashine zinazopima kwelikweli. Aina kadhaa za zamani za Brother zina vijidirisha viwili kwenye ubavu wa katriji. Taa inamulika upande mmoja, upande wa pili kuna jicho. Unga ukiwepo mwanga hauvuki, ukipungua unavuka. Baadhi ya watu hubandika vipande vya selotepu nyeusi kwenye vijidirisha hivyo ili mashine isiache kuchapa. Inafanya kazi, ila kumbuka umeipofusha; kuanzia hapo utajua tona imeisha pale kurasa zitakapotoka zimepauka, na hapo huwa ni saa kumi na moja jioni, mteja amesimama kaunta.

Katriji nyingi zilizoundwa na Canon, zikiwemo nyingi za HP, zina waya au bamba la chuma ndani, karibu na rola inayobeba unga. Printa inapima uwezo wa nafasi iliyo kati ya vyuma hivyo viwili kuhifadhi umeme, na uwezo huo hubadilika unga ukipungua. Ni kipimo kizuri, ila unga ukilala upande mmoja kinadanganyika. Ndiyo maana kuitoa katriji na kuitikisa taratibu kulia na kushoto mara tano au sita kunarudisha uhai kwa muda. Si uchawi, na si lazima umwite fundi kwa hilo.

Njia ninayoipenda mimi ni ya kampuni ya Lexmark. Ndani ya katriji kuna pangusio linalozunguka likikoroga unga, na kwenye mhimili wake kuna gurudumu lenye matundu. Unga ukiwa mwingi pangusio linakuwa zito na linachelewa. Ukipungua linazunguka kirahisi. Mashine inasoma kuchelewa huko kupitia matundu ya gurudumu. Aliyewahi kusonga ugali anaelewa bila kuchorewa: mkono unajua kilichomo sufuriani kwa uzito wa mwiko. Programu fupi ya kufanya hesabu hiyo iliwekwa kwenye chipu ya katriji, na ikazua kesi kubwa Marekani. Static Control, kampuni ya kutengeneza chipu mbadala, ilishtakiwa na Lexmark kwa kuinakili programu hiyo, na mwaka 2004 mahakama ya rufani ya huko ikaliondoa zuio lililokuwa limewekwa dhidi yake. Wanaojaza katriji na kuuza chipu mbadala wanaijua hadithi hiyo.

Mashine kubwa za fotokopi zina jambo lingine tena. Nyingi hutumia unga wa aina mbili, tona ya plastiki na chembe za chuma zinazoibeba. Sensa ya sumaku (si ile ya watu na makazi) hupima chuma kimezidi kiasi gani, na kikizidi mashine inaomba tona. Sensa hiyo ikichafuka, mashine humimina tona kupita kiasi, kurasa zinatoka na kivuli cha kijivu na unga unamwagika ndani. Mteja huja akisema "tona mbovu". Mara nyingi tona haina kosa.

Kuhusu idadi ya kurasa. Katriji ya HP 85A imeandikwa kurasa 1,600. Namba kama hizo hutokana na kipimo cha kimataifa, ISO/IEC 19752, na ukurasa wake ni mwepisi: tona inafunika takriban asilimia 5 tu ya karatasi, kama barua fupi. Mtihani wa jiografia wenye ramani na michoro unaweza kufika asilimia 10, na hapo 1,600 inageuka 800. Walimu wakuu, msimlaumu katibu muhtasi kwamba anachapa vitabu vya kwaya kwa siri.

Sasa huduma yetu ya kufuatilia tona za ofisi kabla hazijaisha. Printa yoyote ya ofisi iliyounganishwa kwenye mtandao kwa waya au Wi-Fi kwa kawaida ina uwezo wa kujibu maswali ikiulizwa kwa lugha moja inayoeleweka na kampuni nyingi. Lugha hiyo ya printa iliandikwa rasmi mwaka 1995 na kuboreshwa mwaka 2004. Unauliza: tona yako imebaki kiasi gani? Umechapa kurasa ngapi tangu uzaliwe? Mashine inajibu kwa namba. Nyingine, badala ya asilimia, hujibu hasi tatu, maana yake "ipo, ila kiasi gani siwezi kusema". Hasi mbili ni "sijui kabisa". Mimi naiheshimu mashine inayojibu hivyo kuliko ile inayosema asilimia 34 kwa kubahatisha.

Tunachofanya ni kuweka ofisini kwako kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ukubwa wa kadi ya benki. Inauliza kila printa kila saa na kuandika majibu. Tona ikishuka chini ya kiwango tulichokubaliana, SMS inakuja kwako na kwetu. Haisomi nyaraka zako. Inauliza hali ya mashine tu, na mtaalamu wako wa kompyuta anakaribishwa kuikagua. Kwa ofisi zenye printa moja ya waya wa USB, sitakuuzia kitu hicho. Utahitaji daftari na kalamu: kila Ijumaa chapa ukurasa wa taarifa za mashine, andika namba ya kurasa. Baada ya miezi miwili utajua mwenyewe katriji yako inakaa siku ngapi.

Hesabu ya kurasa ina faida kubwa kuliko tona, kwa sababu vipuri navyo vina umri. LaserJet 4250 ya HP, ambayo bado naikuta kwenye ofisi za mjini ikichapa kwa nguvu, imepangiwa kubadilishiwa seti ya matengenezo kila kurasa 225,000: ile sehemu ya kuyeyusha unga kwa joto, pamoja na rola. Mwenye namba hiyo mkononi ananunua vipuri kabla ya mashine kusimama.

Na Arusha ina mambo yake. Kiangazi vumbi la barabara za vumbi linapanda rola za kuvuta karatasi mpaka zinateleza. Pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholowanishwa maji kidogo, uziache zikauke. Masika karatasi zinanyonya unyevu, zinajikunja na kukwama, na maandishi yanatoka hafifu. Acha rimu ndani ya karatasi yake ya nje mpaka utakapoihitaji, wala usiiweke sakafuni. Umeme ukiwa unakatikakatika usichomeke printa ya leza kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Ikianza kupasha joto inavuta umeme mwingi kuliko UPS hiyo inavyoweza kutoa.

Tona ikimwagika, usitumie mashine ya nyumbani ya kuvuta vumbi. Unga ni laini mno, unapita kwenye chujio lake na kurudi hewani. Kitambaa kikavu kwanza, kisha maji baridi. Maji ya moto yanaulainisha unga, na shati linabaki na doa lake.

Kujaza katriji tunajaza, na chipu tunabadilisha kwa zinazohitaji. Katriji iliyojazwa mara mbili hatuijazi ya tatu bila kubadilisha dramu (ile silinda inayochorwa na leza) na ule mpira wa kuipangusa, hata mteja akibembeleza, kwa sababu atarudi baada ya wiki na kurasa zenye mistari na jina litakaloharibika ni letu. Kwa hati zinazotakiwa kuhifadhiwa miaka mingi, kama za mawakili, nashauri katriji mpya.

Kupima katriji kwa mizani hatutozi. Ilete imefungwa kwenye karatasi nyeusi au khanga, kwa sababu dramu haipendi mwanga, na ulete pia ukurasa mmoja uliochapwa vibaya. Jumatatu asubuhi foleni ni ndefu. Jumatano tunakuwa na nafasi.