Barua ya wazi kwa vijana wa Mtwara wanaotaka kuendesha treni

Wanangu,

Asalaam aleikum kwa wanaoitikia hiyo, na kwa wengine Bwana asifiwe.

Wiki iliyopita mlinijia barazani, saba nyinyi, mkanikuta naanua korosho uani. Mmoja wenu alinionyesha kwenye simu treni ya umeme ikiingia Dodoma, akauliza, "Babu, na sisi huku tutaendesha lini?" Wingu lilikuwa limeshakuwa jeusi upande wa Naliendele, nami nikajibu harakaharaka kwamba kazi ni nzuri, someni sayansi. Mkaondoka mkiwa na furaha. Usiku nilikosa usingizi, maana nilijua nimewapa jibu la mtu mwenye korosho juani. Hili hapa ndilo jibu lenyewe, na naliweka wazi kwa kuwa najua hamko saba tu.

Nianze na hapa tulipo. Tunaishi Kata ya Reli, na reli hakuna. Wengi wenu mmezaliwa mkilikuta jina hilo kwenye vibao na hamkuwahi kuuliza limetoka wapi. Baba yangu alikuwa kibarua wa njia. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu za kulima, ikajengwa reli kutoka pwani ya Lindi kwenda bara, na baadaye njia ikafikishwa Mtwara kwa ajili ya bandari mpya. Mradi wa karanga ulifutwa 1951. Bandari ilifunguliwa 1954, karanga zenyewe zikiwa zimeshashindikana. Reli ikabaki na mzigo haba, hadi 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Nilikuwa na miaka sita. Ninachokumbuka ni baba akirudi nyumbani mchana, saa ambayo hakuwahi kurudi, akaegemeza nyundo yake ya kugongea misumari ya mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli, nyuma ya mlango. Ilikaa pale mpaka alipofariki.

Siwaambii haya niwavunje moyo. Mipango ya reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma, ina kitu ambacho reli ya baba haikuwa nacho, nacho ni mzigo. Makaa ya Ruvuma mnayaona wenyewe yakishuka kwa malori hadi bandarini. Lakini asiwepo wa kukaa kijiweni akisubiri njia ifike mlangoni kwake. Mimi niliondoka hapa 1979, nikaanzia karakana nikiosha vichwa vya treni kwa mafuta ya taa na matambara. Nikawa dereva msaidizi, nikahamia kupanga mabehewa yadini, nikaendesha mizigo, na mwisho wa yote ndipo nikakabidhiwa abiria. Nilistaafu 2016. Reli ya Kati ipo, TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ipo, treni ya umeme ipo, Chuo cha Reli kiko Tabora. Nendeni huko kwanza. Reli yetu ikija iwakute mnajua kazi.

Sasa kazi yenyewe.

Treni haina usukani. Najua mnajua, lakini kaeni na neno hilo kidogo. Dereva wa basi akiona ng'ombe anamkwepa. Wewe wa treni huna pa kukwepea, njia imeshakuchagulia. Kilichobaki mikononi mwako ni mwendo na kusimama, na katika hivyo viwili kuongeza mwendo ni kazi ya wiki moja kujifunza. Kusimamisha nilijifunza miaka thelathini na saba na sikumaliza. Treni ya mizigo iliyojaa, ikiwa kwenye kasi yake ya kawaida, inaweza kuhitaji kilomita nzima kabla ya kusimama, na kwenye mteremko zaidi ya hapo. Maana yake unasimamisha kwa ajili ya kitu usichokiona bado.

Nisikilizeni kwenye breki, hapa nitakaa. Chini ya mabehewa yote, kutoka kichwa hadi mkia, linapita bomba la upepo. Bomba likijaa upepo, breki zinaachia. Ukiupunguza, breki zinashika. Ndiyo sababu behewa likichomoka treni inasimama yenyewe. Ni mpango wa akili sana, ila una shimo lake. Kila behewa lina akiba yake ya upepo, na kila unaposhika na kuachia, akiba inapungua. Kuijaza tena kunataka muda, na treni ikiwa ndefu muda unazidi. Dereva mwenye pupa kwenye mteremko mrefu hushika, akaachia, akashika, akaachia, anaona mambo yanakwenda. Anaposhika mara ya nne, mkono unarudi bure. Mabehewa yanamsukuma na hana cha kuyazuia.

Kwa hiyo unashika kidogo, mapema, kabla mteremko haujaanza, na unashuka ukiwa tayari umeshika. Na kabla ya kuondoka stesheni yoyote, breki inapimwa hadi mkiani. Atakuja mtu akwambie "iko sawa, mzee, twende, tumechelewa." Usiondoke kwa neno. Ondoka kwa kipimo. Siku nyingine utasimama dakika arobaini na abiria watakutukana dirishani, na wewe utakaa umetukanwa.

Tarehe 24 Juni 2002, kule Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilishindwa mwinuko, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Walikufa watu 281. Sisi madereva tulisimama yadini siku ile hakuna anayeongea. Kila mmoja alikuwa anapita kichwani kwenye kile kipande, maana wote tulikuwa tumekipita, mwinuko kwa mwinuko. Anayetaka kazi hii aijue tarehe hiyo kama anavyojua ya kuzaliwa kwake.

Mvua nayo ina mambo yake. Kati ya Kilosa na Gulwe njia inaongozana na mto, na mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliibeba reli yenyewe, safari zikasimama kwa miezi. Kipindi hicho dereva anaangalia tuta kuliko anavyoangalia reli. Na ukipanda Saranda kwenda Manyoni huku kunanyesha, jani lililopondwa juu ya chuma chenye unyevu linateleza kama sabuni, magurudumu yanazunguka palepale. Ndiyo maana kichwa cha treni kinabeba mchanga, unaachiwa mbele ya gurudumu ili lipate kushika. Mchanga ukiwa na unyevu unaganda kwenye bomba, haushuki. Nilikuwa nauchota mwenyewe kabla ya safari, nauweka kiganjani na kuupuliza. Ukipeperuka, nafunga kifuniko. Ukibaki mkononi, nasema ubadilishwe. Wenzangu wengine waliona ni tabia ya kizee tangu nikiwa na miaka thelathini.

Usingizi. Hapa ndipo wengi wenu mtakaposhindwa, na sisemi kwa dharau. Zamani alikuwepo mtu wa kuwaita madereva, anakuja na baiskeli na daftari, anagonga mlango saa nane usiku, unatia sahihi kuwa umeitwa. Siku hizi ni simu, lakini saa nane ya usiku ni ileile. Treni haijui Idi wala Krismasi. Utalala mchana watoto wakicheza nje na jirani akitwanga, na jioni mwili ukitaka kupumzika ndiyo unatoka. Taa ya mbele inamulika reli mbili, mataruma yanakuja kwa mpigo mmoja, injini inanguruma sauti moja kwa saa sita. Hakuna kitu kinachobembeleza kama hicho. Kipo kifaa cha kukuuliza kama uko macho, usipokijibu treni inasimama. Nimewahi kuwa na mwenzangu aliyekuwa anakijibu akiwa amelala, mkono unakwenda wenyewe. Nilimtambua kwa kuwa nilimsemesha asijibu.

Nitawaambia pia kosa ambalo si lenu lakini litawafuata. Mkubwa mmoja aliyekuwa akipanga zamu aliwahi kunirudisha njiani nikiwa sijapumzika vya kutosha, kwa sababu dereva mwingine alikuwa mgonjwa. Nilikuwa kijana, nikaona aibu kukataa. Nilifika, lakini kuna stesheni mbili usiku ule sikumbuki nilizipitaje. Hadi leo zinanitisha kuliko ajali niliyoiona kwa macho. Mkichoka, semeni mmechoka, mbele ya mtu mwingine asikie, na muandike kitabuni. Atakayekasirika akasirike.

Na sasa hili, ambalo sikuwaambia barazani kwa sababu binti mmoja kati yenu alikuwa anacheka na sikutaka kumkatisha.

Mtagonga mtu. Sisemi huenda. Ukiendesha miaka mingi kwenye njia isiyo na uzio, itatokea. Mimi ilinitokea mbele ya Itigi, saa kumi na moja alfajiri, kwenye njia ya watu inayokatiza reli. Mwendesha baiskeli, gunia la mkaa nyuma, shati jeupe. Nilipiga honi nikashika breki yote. Aligeuza uso akanitazama, na naamini alidhani ana muda, kwa sababu kitu kikubwa kinachokuja moja kwa moja kuelekea kwako huonekana kama kinakwenda polepole. Treni ilisimama mbali mbele. Nilirudi kwa miguu na tochi, na nilianza kukutana na mkaa kabla ya kukutana na yeye. Vipande vidogovidogo juu ya kokoto, vingi.

Tukaandika, tukasubiri, kisha nikaambiwa niendelee hadi stesheni inayofuata, kwa kuwa hapakuwa na dereva mwingine. Nikaendelea. Hakuna aliyeniuliza wiki ile naendeleaje, wala mimi sikujua kwamba mtu anaweza kuulizwa. Bibi yenu, mke wangu, ndiye aliyegundua, kwa kuwa niliacha kula nyama ya kuchoma na sikutaka jiko la mkaa uani. Miaka miwili kila nilipopita pale nilipiga honi ndefu, hata pakiwa hapana mtu. Ninyi msinyamaze kama mimi. Mtafute wa kumweleza, awe mshauri, imamu, padri au dereva mwenzako, na muombe siku za kupumzika. Siku hizi hilo linaeleweka zaidi. Na mkiwa huku nyumbani, kabla hata hamjaajiriwa, wafundisheni wadogo zenu kwamba reli si njia ya mkato. Reli ikifika Mtwara itapita kwa watu ambao hawajawahi kuishi nayo kwa zaidi ya miaka sitini. Hilo linaniogopesha, nalisema wazi.

Mliniuliza kama treni ya umeme si rahisi zaidi. Ni safi zaidi, haina moshi wala matope ya mafuta, na dereva anapata taarifa za njia mbele yake kwenye kioo. Safari za Dar es Salaam na Morogoro zilianza Juni 2024, zikafika Dodoma mwezi uliofuata, na mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Pigeni hesabu. Hiyo ni mita 44 kila sekunde. Ukiangalia simu sekunde mbili tu umeshakula karibu uwanja mzima wa mpira bila kuona kilichomo. Mashine imerahisishwa, macho hayakurahisishwa.

Binti aliyeuliza kama kazi hii ni ya wanaume, jibu ni hapana. Nguvu za mikono zilihitajika enzi za kuchochea makaa ya mawe. Kinachotakiwa sasa ni subira, usikivu na macho yanayotofautisha nyekundu na kijani. Pimeni macho mapema, yapo macho mazuri kabisa yasiyotofautisha rangi hizo, na bora ujue sasa kuliko baada ya kuuza shamba la korosho kulipia safari na masomo. Pombe, hata ya jana, hapana. Mshahara utakulisha, utajenga taratibu. Ndoa inataka mtu anayeelewa kwamba kitanda kitakuwa na upande mtupu nusu ya mwezi. Mwelezeni mapema huyo mtu, msimfiche.

Je, niliipenda? Niliipenda sana. Kulikuwa na asubuhi tunatoka Tabora, ukungu umelala kwenye miombo, mama wanasubiri stesheni ndogo na asali na kuku, na najua kwamba nyuma yangu wamelala watu mia kadhaa ambao hawajui jina langu na hawana sababu ya kulijua. Wanaamka wamefika. Sikuwahi kupata kitu kingine duniani cha kufanana na hilo.

Kwa hiyo anayeitaka kweli aje kwangu Ijumaa hii, saa nane usiku, si mapema. Tutakaa barazani hadi adhana ya alfajiri, simu zikiwa ndani kwenye kapu. Kila mmoja atakuwa na daftari na penseli, ataandika kila lori linaloshuka bandarini, saa na dakika yake, bila kuruka hata moja. Asubuhi nitayalinganisha na daftari langu. Kahawa nitapika mimi, ya tangawizi, lakini itakuwa kikombe kimoja kwa mtu.