Mabadiliko ya saa: kipindi cha Kiingereza Jumamosi

Habari za jioni, wapendwa. Jumamosi tutaanza saa 10:00 jioni badala ya saa 8:00 mchana, chumba kilekile. Njooni na daftari na shilingi 500 ya fotokopi.

1. "Say" na "tell". Hapa ndipo wengi wanateleza, tutakaa hapo muda mrefu. "Tell" hufuatwa moja kwa moja na anayeambiwa: "She told me." "She said me" ni kosa, sema "She said to me". Ila "tell the truth" na "tell a lie" hazihitaji kumtaja anayeambiwa, zikaririni zilivyo.

2. "Borrow" na "lend". Anayepokea "borrows from", anayetoa "lends to". Sisi husema "niazime kalamu", ndiyo maana "Borrow me your pen" hututoka upesi. Sahihi ni "Lend me your pen."

Kila mtu aje na sentensi 4 za wakati uliopita, akitumia said, told, borrowed na lent.

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" kabla ya Alhamisi saa 2:00 usiku, nijue idadi ya nakala. Asanteni sana.