Barua kwa Mama, Langoni

Mama yangu,

Assalaam alaykum. Mimi mzima. Baridi ya Brussels imeanza, koti ninalo, usitie shaka. Ujumbe wa Ami kuhusu mashine ya mashua umenifikia na nitaujibu. Lakini kwanza nina neno langu, nakuomba umsomee Ami hadi mwisho.

Nimeambiwa Ami kasema barazani Mkunguni kwamba mimi huku ni dalali, kazi yangu kuwabembelezea matajiri mbele ya wakubwa. Maneno hayo yalikufikia, Mama, ukanyamaza. Hapo ndipo nilipoumia.

Kampuni ya programu imeniajiri nizungumze kwa niaba yake na serikali na wabunge wakati sheria za teknolojia zinatungwa. Nausoma mswada kifungu kwa kifungu, nawauliza mafundi wetu lipi linatekelezeka na lipi litamdhuru mtu, kisha nakwenda kuwaeleza wanaotunga. Wala si kwa kificho. Umoja wa Ulaya una daftari la wazi, na kampuni huandika humo inafuatilia sheria zipi na inatumia kiasi gani. Hata Ami akiwa hapo Lamu anaweza kulifungua akasoma.

Tarehe 13 Machi 2024 nilikuwa Strasbourg, nimeketi sehemu ya wageni, Bunge la Ulaya likiipigia kura sheria ya akili unde. Waliokubali 523, waliokataa 46, na 49 hawakuegemea upande. Kifungu cha 5 kinakataza kuzoa picha za nyuso za watu intanetini au kwenye kamera za ulinzi ili kujenga hazina ya kuwatambulia. Wakubwa zangu walitaka tulikalie kimya jambo hilo. Mimi, mtoto wa Langoni, nilisimama mkutanini nikalitetea mpaka tukaliunga mkono kwa maandishi! Zilikuwa siku za mwanzo za Ramadhani. Magharibi ilinikuta stesheni ya treni, nikafuturu kwa zile tende ulizonifungia, machozi yananitoka, sina wa kumsimulia.

Ami kasahau mwaka 2019? Tulipanga foleni pamoja ya Huduma Namba, ule usajili wa serikali ya Kenya wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho. Alipokwisha kutoa alama za vidole aliniuliza, "Vidole vyangu sasa vinakwenda kukaa wapi?" Sikuwa na jibu. Sheria ya kulinda data ilitiwa saini Novemba, sisi tumeshaandikwa zamani. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kuwa utoaji wa zile kadi za Huduma ulikiuka sheria hiyo, kwa kuwa athari zake kwa data za watu hazikupimwa kwanza. Swali lile la Ami lilinikaa moyoni, ndilo lililonitia katika kazi hii. Sijapata kumwambia. Leo namwambia.

Maulidi ya mwaka huu yamenipita pia. Mwanaesha aliniwekea simu karibu na matari nikasikiliza, hata kazini sikwenda mapema.

Kuhusu mashine, nimetuma shilingi 40,000 leo, zilizobaki mwezi ujao nikishalipa kodi ya nyumba. Umkabidhi wewe mwenyewe, mkononi, na umwambie mbele ya watu wa nyumbani zimetokana na kazi gani.

Nawe ukipata mtu anayekuja huku, nitumie kikuba cha maua. Kitafika kimekauka, nitakiweka chini ya mto hivyo hivyo.

Mwanao,
Khadija